Kuchambua mtihani wa chuo swali kwa swali: mwongozo kwa mratibu wa ubora wa kitivo

Chuo kikuu kinakusanya alama nyingi kuliko taarifa nyingine yoyote ya ufundishaji, na karibu zote zinaishia kwenye daraja. Matokeo yakishaingizwa kwenye mfumo, kila mwanafunzi anabaki na namba moja kwa kila kozi: 58, daraja B. Kwa cheti inatosha. Kwa mtu anayetaka kujua wapi kozi inavuja haitoshi, kwa sababu 58 haionyeshi kama wanafunzi walikwama kwenye mada, kwenye swali lililoandikwa vibaya, au kwa msahihishaji mkali. Majibu hayo yamo kwenye karatasi zilizofungwa kwa kamba na kurundikwa kwenye kabati la idara.

Mwongozo huu unahusu mtihani mmoja wa kozi moja, kuanzia kabla haujatungwa hadi mwaka unaofuata. Vifaa ni kompyuta yenye Excel au LibreOffice, na mhadhiri aliye tayari. Huyo wa pili ndiye mgumu kupatikana.

Kuchagua kozi na kumwendea mhadhiri

Usijaribu kuchambua kozi zote. Mbili au tatu kwa idara kwa muhula zinatosha. Chagua kozi ya lazima yenye wanafunzi wengi, hasa ya mwaka wa kwanza, au inayofundishwa na wahadhiri zaidi ya mmoja. Chukua pia moja ambayo karibu kila mtu anapata A. Kozi inayofelisha hupigiwa kelele, lakini ile inayopasisha wote haina mlalamikaji, na ndiyo mara nyingi ina mtihani usiopima kitu.

Mwone mhadhiri kabla ya mtihani, si baada ya matokeo. Mweleze kwa maneno na kwa maandishi kwamba uchambuzi hautaingia kwenye jalada lake la kupandishwa cheo, na hakikisha mkuu wa idara amekubali hivyo. Takwimu hizi zikitumiwa hata mara moja tu kumhukumu mtu, muhula unaofuata utaletewa data zilizosafishwa, au hutaletewa kabisa.

Kabla ya mtihani: jedwali la utahini

Jedwali la utahini linaonyesha kila mada itapewa maswali mangapi, kwa lengo lipi la kozi na katika kiwango gani cha fikra. Uzito wa mada utokane na muda wake. Kwa mfumo wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo mihadhara, maabara, mazoezi na kujisomea. Tuchukue kozi ya utangulizi wa takwimu yenye krediti 12, yaani saa 120: kueleza data saa 30, uwezekano saa 40, kupima nadharia tete saa 50. Mtihani wa maswali 40 utakuwa na maswali 10, 13 na 17 kwa mpangilio huo.

Kinachoharibika hapa ni kalenda. Mitihani hutakiwa ifike kwa wahakiki wiki kadhaa kabla ya muhula kuisha, na wakati huo mada ya mwisho haijafundishwa. Mtunzi anakwepa asichokifundisha bado, na mada yenye saa 50 inaambulia maswali matano. Ukikutana na hali hiyo mwambie atunge kwa kufuata muhtasari wa kozi, kisha abadilishe swali moja au mawili wakati wa uhakiki endapo mada haikumalizika.

Viwango vya fikra hupangwa kwa kawaida kwa ngazi za Bloom za mwaka 1956 zilizorekebishwa mwaka 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kuunda. Kitenzi cha swali kisikudanganye. Swali linaloanza na “jadili” ni la kukumbuka tu ikiwa mjadala wenyewe umo neno kwa neno kwenye slaidi za wiki ya sita. Njia pekee ya kujua ni kukaa na mhadhiri na kumuuliza kila swali: “Hili walishalifanya darasani?”

Kuingiza data

Unahitaji jibu la kila mwanafunzi kwa kila swali. Jumla pekee haisaidii. Kama karatasi zinasomwa kwa mashine, omba faili ghafi. Kama zinasahihishwa kwa mkono, watafute waingizaji wawili, na kila mmoja aingize karatasi 20 zilezile ili muone wanakosana wapi kabla ya kuendelea na zilizobaki.

Ondoa majina. Namba ya usajili nayo ibadilishwe kwa namba ya siri, na orodha ya ulinganifu ibaki kwa msimamizi wa mitihani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Faili la majibu linalozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya idara ni kosa, hata kama nia ni njema.

Fungua karatasi-kazi ya kwanza uiite Majibu. Safu mlalo ya 1 ni vichwa na ya 2 ni majibu sahihi. Kuanzia ya 3 hadi ya 122 ni wanafunzi 120. Safu wima A iwe ya namba ya siri, B ya toleo la mtihani, na C hadi AP ya maswali 40. Kama kulikuwa na matoleo mawili yenye mpangilio tofauti, yapange upya yote yafuate toleo moja kabla ya hesabu yoyote. Hatua hii ikirukwa, nusu ya darasa itaonekana imefeli maswali iliyoyapata.

Karatasi-kazi ya pili iite Alama01. Kwenye seli C3 andika =IF(TRIM(Majibu!C3)=Majibu!C$2,1,0) kisha uivute hadi AP122. TRIM inaondoa nafasi tupu zilizojificha. Bila hiyo, “B” yenye nafasi nyuma yake inahesabiwa kosa na huwezi kuiona kwa macho. Kwenye AQ3 weka =SUM(C3:AP3) na uivute chini.

Sasa panga wanafunzi kutoka wa juu hadi wa chini, na hapa ndipo mafaili mengi yanapovurugika. Usipange Alama01, kwa kuwa fomula zake zinategemea nafasi za safu kwenye Majibu. Nakili jumla za AQ, zibandike kama thamani kwenye AQ ya Majibu, kisha panga Majibu kwa safu hiyo, ukiwa umechagua jedwali zima kuanzia safu mlalo ya 3 hadi 122. Safu ya majibu sahihi isiguswe. Alama01 itajipanga yenyewe.

Hesabu tatu

Ya kwanza ni ugumu wa swali, yaani sehemu ya wanafunzi waliolipata: =AVERAGE(C3:C122). Namba kubwa ina maana swali rahisi. Kwa swali lenye machaguo manne, anayebahatisha anapata 0.25, kwa hiyo swali lenye ugumu wa 0.27 halijapima chochote zaidi ya bahati. Yanayokaa kati ya 0.30 na 0.80 ndiyo yanayofanya kazi vizuri zaidi ya kutenganisha viwango.

Ya pili ni uwezo wa kutofautisha, yaani kama swali linawatenganisha wanafunzi wa juu na wa chini. Chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, kipimo kilichopendekezwa na Kelley mwaka 1939 na bado kinatumika. Kwa wanafunzi 120 hao ni 32 kila upande: safu za 3 hadi 34, na 91 hadi 122. Fomula ni =(SUM(C3:C34)-SUM(C91:C122))/32. Kwa viwango vya Ebel, mtaalamu wa upimaji, 0.40 na zaidi ni nzuri sana, 0.30 hadi 0.39 ni nzuri, 0.20 hadi 0.29 inahitaji marekebisho, na chini ya 0.20 ni dhaifu. Ikiwa hasi, simama hapo hapo.

Ya tatu ni uthabiti wa mtihani mzima, yaani kiasi ambacho alama zake zinaaminika, kwa fomula ya KR-20 ya Kuder na Richardson ya mwaka 1937. Kwa kila swali zidisha ugumu wake kwa moja kutoa ugumu huo, kisha jumlisha maswali yote. Gawanya jumla hiyo kwa vareansi (kipimo cha mtawanyiko) ya alama za wanafunzi, inayopatikana kwa =VAR.P(AQ3:AQ122). Toa jibu kutoka kwenye moja, kisha zidisha kwa 40/39. Kama jumla ni 8.2 na vareansi ni 38, utapata takriban 0.80. Kwa mtihani wa kozi hiyo si mbaya. Ikishuka chini ya 0.60, usiitumie alama ya mtihani huo peke yake kuamua hatima ya mtu.

Kutoka hapo pata kosa sanifu la kipimo: mkengeuko sanifu mara kipeuo cha pili cha moja kutoa uthabiti. Katika mfano wetu ni 6.16 mara kipeuo cha 0.196, takriban maswali 2.7. Maana yake, aliyepata 15 kati ya 40 na aliyepata 16 hawatofautishiki kwa mtihani huu, ingawa kwa alama ya kufaulu ya asilimia 40 mmoja amepita na mwingine anarudia. Namba hii ipelekwe kwenye bodi ya watahini kila wanapojadili walio mpakani. Inafaa kuliko huruma.

Darasa likiwa na wanafunzi chini ya 30, hesabu hizi zinayumba mno. Mtu mmoja akibadili jibu, swali zuri linageuka baya. Hapo soma majibu yenyewe, au unganisha data za miaka miwili kwa maswali yaliyorudiwa.

Kusoma swali lililoharibika

Swali la 22, jibu lililowekwa ni B. Kati ya 32 wa juu, 2 walichagua A, 9 B, 2 C, na 19 D. Kati ya 32 wa chini, 6 walichagua A, 15 B, 5 C, na 6 D. Uwezo wa kutofautisha ni 9 kutoa 15, gawanya kwa 32: hasi 0.19. Wanafunzi bora wamekwenda D kwa wingi, wakati wa chini wamekwenda B.

Maelezo yanayowezekana ni matatu. Jibu sahihi limeandikwa vibaya kwenye mwongozo wa usahihishaji, na hili ndilo la kukagua kwanza. Au D nayo ni sahihi kwa namna ambayo mtunzi hakuiona, na waliosoma zaidi ya slaidi wameiona. Au mhadhiri mmoja kati ya wawili alifundisha dhana hiyo kwa njia nyingine. Kuthibitisha hili, tenga majibu kwa kundi la darasa. Takwimu zinaonyesha mahali penye tatizo, lakini uamuzi ni wa mtaalamu wa somo. Mratibu asiye wa fani hiyo asibadili jibu hata kama namba zinapiga kelele.

Ikithibitika kwamba D ndiyo sahihi, badilisha na usahihishe wote upya. Ikiwa B na D zote zinakubalika, pokea zote mbili. Kulifuta swali liwe chaguo la mwisho, maana linawanyang'anya alama waliolipata kihalali na kushusha msingi kutoka 40 hadi 39. Vyovyote iwavyo, kazi hii ifanyike kabla matokeo hayajaingia kwenye bodi ya watahini. Yakishapitishwa na Seneti, kurekebisha jibu moja kunageuka barua, vikao na miezi. Kwa hiyo omba siku tatu kati ya mwisho wa usahihishaji na kikao cha idara, na uziombe mwanzoni mwa muhula.

Angalia pia vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi. Chaguo lisilochaguliwa na walau asilimia 5 ya darasa, yaani watu 6 kati ya 120, halimpotoshi mtu. Likikosa kazi kwa miaka miwili liondolewe. Swali la machaguo matatu mazuri ni bora kuliko la manne ambalo moja ni kichekesho.

Kuna maswali ambayo ugumu wa 0.97 na utofautishaji wa 0.04 ndiyo hali inayotakiwa: kukokotoa dozi ya dawa ya mtoto, kuzima gesi maabara. Hapo unataka kila mtu apate. Yawekee alama ya pekee kwenye faili ili mtu asiyafute kwa kufuata kanuni kibubusa.

Insha na maswali ya kuchagua

Kwa insha, ugumu ni wastani wa alama gawanya kwa alama ya juu kabisa ya swali. Utofautishaji ni wastani wa kundi la juu kutoa wastani wa kundi la chini, gawanya kwa alama hiyo hiyo ya juu.

Shida inaanza mtihani unaposema “jibu maswali manne kati ya sita”. Hapo wanafunzi hawakufanya mtihani mmoja, na wastani wa swali la 5 unategemea ni nani walilichagua. Kama walilikimbilia wenye uwezo, swali gumu litaonekana rahisi. Dawa ya haraka ni kulinganisha alama zao kwenye swali la lazima: waliochagua la 5 walipata wastani gani kwenye la 1, na ambao hawakulichagua walipata ngapi? Dawa ya kudumu ni kupunguza uchaguzi, ambao mara nyingi hautokani na sababu ya kielimu bali na mazoea.

Usahihishaji wenyewe upimwe. Chukua karatasi 20: 6 za juu, 6 za chini, na 8 zilizo mpakani mwa kufaulu. Zitoe nakala kabla msahihishaji wa kwanza hajaweka kalamu, kwa sababu msahihishaji wa pili akiona alama nyekundu ataifuata. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 ya alama za swali ijadiliwe na wote wawili wakiwa na mwongozo mezani. Kwa kawaida kosa limo kwenye mwongozo: umeandika “maelezo ya kutosha, alama 5” bila kusema yapi. Msahihishaji amalize swali la 1 la darasa zima kabla ya kugusa la 2, na karatasi zichanganywe kati ya swali na swali. Mpangilio usipobadilika, wale wale wa mwishoni wanasahihishwa kila mara na mtu aliyechoka.

Kutoka maswali hadi malengo ya kozi

Kila swali limeshapewa lengo lake kwenye jedwali la utahini, kwa hiyo jumlisha alama za maswali ya lengo moja na uhesabu ni asilimia ngapi ya wanafunzi waliofikia kiwango mlichokubaliana, tuseme nusu ya alama za lengo hilo. Kiwango kipangwe kabla ya kuona matokeo. Lengo lenye maswali mawili tu usilitolee kauli.

Usitumie daraja la kozi badala ya hesabu hii. Daraja limechanganya majaribio, kazi ya kikundi aliyoifanya mmoja kati ya sita, na mtihani wa mwisho. Linaweza kupanda huku lengo muhimu kuliko yote likiwa limeanguka.

Jedwali hili ndilo ushahidi unaohitajika wakati wa kujitathmini kwa programu, iwe ni kwa ajili ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) au kwa kufuata mwongozo wa ubora wa IUCEA (Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki), uliotayarishwa kwa ushirikiano na DAAD na HRK, taasisi za elimu ya juu za Ujerumani. Jopo la nje likiuliza mnajuaje kwamba wahitimu wanafikia malengo, dodoso za wanafunzi hazijibu swali hilo. Dodoso zinaeleza kama mhadhiri alifika darasani na kama alieleweka. Ni muhimu, ila hazipimi kujifunza.

Kikao na ufuatiliaji

Peleka kikaoni ukurasa mmoja: maswali yaliyoharibika, mada mbili zilizoanguka, uthabiti wa mtihani. Jedwali la maswali yote 40 libaki kiambatisho. Ukipeleka kurasa kumi na tano, mjadala utakwisha kwenye ukurasa wa pili, na utakuwa kuhusu ukubwa wa darasa na uchache wa projekta.

Kila azimio liwe na kitendo, mtu, tarehe na kipimo. “Wahadhiri waboreshe ufundishaji wa mada ya tatu” halitekelezeki. Andika hivi: saa 4 za mazoezi ya kupima nadharia tete zihamishwe kutoka wiki ya 14 hadi ya 10, mhusika ni mhadhiri wa kozi, ratiba mpya iwasilishwe kwa mkuu wa idara kabla ya muhula kuanza, kipimo ni maswali 6 ya nanga (yanaelezwa hapa chini). Azimio linalodai fedha litenganishwe na yasiyodai, la sivyo yote yatasubiri bajeti.

Maswali ya nanga ni 6 hadi 8 yenye takwimu nzuri, yanayorudiwa mwaka unaofuata bila kubadilishwa hata nukta. Yasiingie kwenye pasti pepa zinazouzwa kwenye vibanda vya fotokopi, maana yake karatasi za maswali zikusanywe zote na kuhesabiwa mlangoni. Mwaka ukifika linganisha ugumu wao. Kutoka 0.41 hadi 0.58 ni mabadiliko ya kufurahia, mradi maswali mapya ya mada hiyo hiyo nayo yako kwenye 0.5. Nanga zikipanda huku mapya yamebaki palepale, zimevuja. Zitoe kwenye benki ya maswali na uteue nyingine.

Kwenye benki hiyo, kila swali lihifadhiwe pamoja na lengo lake, kiwango cha fikra, muhula lilipotumika, idadi ya wanafunzi, ugumu, utofautishaji, na mstari mmoja wa maelezo kama “jibu lilirekebishwa, B na D zilipokelewa”. Faili lifunguliwe kwa nywila, mhadhiri wa kozi na mratibu pekee wakiwa nayo, na nakala iwekwe nje ya kompyuta ya ofisi. Mhadhiri akihama chuo, benki inabaki idarani. Hilo liandikwe kwenye kanuni za mitihani za kitivo kabla halijatokea.